Ndama wa Herufi Ndogo

Wewe uliyelishika daftari hili, nakuomba kwa heshima zote, lifunge. Kama macho yameshatangulia, basi mdomo usiyafuate. Usimwambie mtu. Si ofisini, si sokoni, si kanisani. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja tu, na mama yangu ameshaitangazia Baray nzima kwamba nina kazi ya kompyuta Karatu. Neno moja likitoka humu nimekwisha.

Jumatatu, 5 Mei

Nimefungua ofisi, nimefagia tope, nimechemsha chai. Nje malori ya vitunguu kutoka Mang'ola yamekwama, yanapiga honi kama kawaida. Jumbe za wachanjaji zilishaanza kuingia kabla sijafika. Kila mchanjaji huko aliko anasoma hereni ya sikioni mwa ng'ombe, anaandika kwenye simu, anatuma. Mimi napokea, naangalia kama zimekaa sawa, nampa Mama Shirima jumla.

Mama Shirima ni meneja wa chama chetu cha wafugaji. Mtu wa Rombo. Ana sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Leo ameangalia jumla ya Piyaya, akacheka kicheko kibaya. Ng'ombe wamejaa. Ndama hakuna. Hata mmoja.

"Majike wote hao hawazai? Lekishon ananifanya mtoto mdogo."

Lekishon ndiye mchanjaji wetu wa Piyaya. Wiki yote iliyopita amepiga simu: ndama ni wengi, kupe ni wengi zaidi, homa ya kupe, ndigana kali, imeshaanza kuua. Chanjo inaagizwa Arusha Ijumaa hii. Inaletwa Jumatatu ijayo, kwenye mtungi wa baridi kali. Safari nyingine ni baada ya kiangazi. Piyaya isipoagiziwa sasa, ndama wake watakutana na kupe hivyo hivyo, bila kinga.

Mama Shirima amesema haagizi dawa ya ndama wa hadithi.

Nimeona kitu kimoja cha ajabu. Programu imetupa jumbe nyingi za Piyaya na kuziita marudio. Nilidhani vidole vya Lekishon vinabonyeza mara mbili. Sasa sina uhakika.

Jumanne, 6 Mei

Lekishon amekuja mwenyewe. Amedandia lori la mahindi, ameingia na shuka limelowa, kubazi mkononi ili asichafue sakafu. Hata salamu hajamaliza.

"Mama, ndama wangu wameliwa na fisi gani? Fisi wa umeme?"

"Leta ndama, Lekishon. Usiniletee maneno."

"Nimewatuma kwenye simu! Ulitaka niwabebe mgongoni mpaka Karatu?"

Akanigeukia mimi. "Dada Karani, wewe umewaona." Akachukua kalamu ya hereni mfukoni, akaandika kwenye kiganja chake. 47R, ng'ombe. Chini yake 47r, ndama wa huyo ng'ombe. Namba ni ya boma, herufi ni ya ng'ombe. Ndama anabeba herufi ya mama yake, ila ndogo.

Kata nyingine wanaandika neno "ndama" mbele ya namba. Piyaya hawaandiki. Lekishon anasema huwezi kushika ndama kwa mkono mmoja na kuandika hadithi kwa mwingine. Na wanaanza na namba kwa sababu simu ina kimbelembele, ukianza na herufi inaipandisha yenyewe.

Mama Shirima hakufurahi. "Herufi ni herufi. Kwa nini ndama asiandikwe kubwa kama wenzake?"

"Mama! Hajatahiriwa, utampaje herufi ya wakubwa?"

Dereva wa lori aliyekuwa mlangoni akacheka mpaka akakaa chini. Lekishon naye akacheka, kisha akaacha. Akasema ndama akiachishwa kunyonya ndipo anapata herufi yake, kubwa, ya kwake peke yake. Na nyumbani kwake kila anayechunga analijua hilo.

Nilielewa pale pale. Programu yetu inazigeuza zote kuwa kubwa. 47r inakuwa 47R. Halafu inaona 47R mbili, inatupa moja. Ndama anamezwa na mama yake mwenyewe.

Nilielewa, na sikusema. Programu imeandikwa na Godwin, anayekaa Arusha. Godwin ni mtoto wa kaka yake Mama Shirima. Lekishon aliondoka akiwa ameitwa mwongo, mimi nimekaa na kikombe mkononi.

Naogopa. Naandika ili nilione: naogopa.

Jumatano, 7 Mei

Nimeingia kwenye programu. Neno la siri ninalo, Godwin alinipa mwezi uliopita nirekebishe mambo ya printa. Hakunipa kwa ajili ya hili.

Mstari upo. Mfupi, hata hauna aibu. Kila kinachoingia, kipandishe kiwe kikubwa. Mstari unaofuata: ondoa marudio. Ukisoma haraka unasema kazi safi.

Nimenakili yote kwenye kompyuta yangu. Ya ofisi sijaigusa. Jumbe mbichi, kama zilivyotoka kidoleni mwa Lekishon, zimehifadhiwa nyuma. Ashukuriwe Mungu, na Godwin pia kwa hilo.

Nilisahau jinsi ninavyolipenda somo hili. Kwetu sisi R na r ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili. Kwa kompyuta ni vitu viwili. R ni 82, r ni 114. Toa moja kwenye nyingine unapata 32, na ni 32 hiyo hiyo kwa A na a, B na b, mpaka mwisho wa alfabeti. Mwanafunzi mwenzangu chuoni aliuliza hilo lina faida gani. Leo ningemjibu: ndama anakaa ndani ya hiyo 32.

Nimeufuta mstari wa kupandisha. Nikaandika wa kwangu: pitia kila alama, uulize, wewe ni herufi kubwa? Zote zikijibu ndiyo, huyu ni ng'ombe. La sivyo, ndama.

Nimeuendesha. Piyaya nzima imekuwa ndama. Hakuna ng'ombe hata mmoja.

Nimezima kompyuta. Mtu mzima mwenye shahada.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekula mchana dirishani. Magari ya watalii yanapita kwenda kwenye geti la hifadhi, moja nyuma ya jingine, vumbi hakuna, tope tu. Nikawa nasoma namba zao za usajili bila kufikiri. Herufi, namba, herufi. Zote kubwa, nikasema moyoni. Halafu nikajiuliza: na tarakimu? Tarakimu nayo ni kubwa?

Nikaacha ugali.

Tarakimu si kubwa. Na si ndogo. Iulize 4, wewe ni herufi kubwa? Hapana. Wewe ni herufi ndogo? Hapana. Haina upande. Mimi nilikuwa nauliza kila alama peke yake, na kila hereni inaanza na tarakimu, basi kila hereni ilikuwa inakataa mlangoni. Lugha hii ya programu ina swali lingine, la neno zima. Ukiliuliza neno zima, linaziruka zisizo na upande, linaangalia zenye upande tu. 47R nzima ni kubwa. 47r nzima ni ndogo. Walioitunga waliwafikiria watu kama Lekishon bila kuwajua.

Nimebadilisha neno moja. Nimeuendesha.

Ndama wakatoka. Wakajaa kwenye kioo, boma kwa boma, kila mmoja chini ya mama yake. Nilisimama. Nilikuwa peke yangu, nikajipigia makofi kimya kimya kama mjinga. Nina akili. Nina akili kweli. Sijawahi kujiambia hivyo nikaamini.

Kuna wachache wamebaki pembeni: herufi ndogo zisizo na kubwa yake. Vidole vya kuteleza, labda. Nimewaweka kando.

Jioni Godwin amepiga simu. Mfumo wake unamwonyesha nani ameingia na lini. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo baya. "Theodora, umegusa kazi yangu?" Nimesema nimeangalia tu. "Nitakuja kesho tuangalie pamoja, na shangazi awepo."

Nimelala? Hapana. Naandika tu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefanya. Niandike kabla sijaanza kupamba.

Godwin amefika na viatu visafi, sijui amepita wapi. Mama Shirima amekaa katikati. Lekishon hajaondoka Karatu, ameitwa, amesimama karibu na mlango na fimbo yake.

Godwin alianza. "Shangazi, watu wanaandika ovyo. Huyu kubwa, yule ndogo, mwingine mchanganyiko. Nikazifanya zifanane. Ndivyo inavyofanyika kila mahali."

"Piyaya hawaandiki ovyo."

Ilikuwa sauti yangu. Wote wakanitazama. Nami nilitaka kumtazama aliyesema.

Nikageuza kompyuta yangu iwaelekee. Nikaandika 47R, nikaiuliza programu, kubwa? Ndiyo. Nikaandika 47r. Kubwa? Hapana. Nikamwambia Mama Shirima, mashine inawatofautisha, sisi ndio tuliokuwa tunawachanganya kabla haijaulizwa. Kisha nikaonyesha ndama. Mama Shirima akashusha miwani, akasogea, akaanza kusoma boma moja moja kwa mdomo. Lekishon alikuwa anaitikia kutoka mlangoni. "Huyo ana baka jeupe. Huyo mama yake anapiga teke. Huyo mkorofi."

Godwin amesogea, amesoma mstari wangu. Kisha: "Tarakimu ulizifanyaje? Hazina kubwa wala ndogo."

"Kwanza nilikosea," nikasema. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, lakini kwa kukubali. "Hata mimi ningekosea hapo."

Nilidhani imeisha. Haikuisha.

Mama Shirima akasema: "Binti yangu, herufi nimeziona. Ndama sijawaona. Dawa hii ikishayeyushwa hairudi kwenye baridi, unalijua hilo?"

"Nalijua, Mama."

"Na kata nyingine zinaisubiri. Nikiwapunguzia hao, nikapeleka Piyaya, halafu ndama wasiwepo?"

Akavuta fomu ya agizo.

"Basi agizo liende. Ila jina litakaloandikwa pale chini ni lako. Na utaipeleka mwenyewe, uone kwa macho."

Nimesaini. Theodora Amsi. Mstari wa mwisho umepinda. Lekishon alisema kwa sauti kubwa kwamba hata mkia wa ndama umepinda na bado ni mkia.

Jumapili, 11 Mei

Misa. Sikuimba. Nimempigia mama. Huwa namwita Aayo, na nikimwita hivyo anajua nina shida.

"Kaa chini ya wakubwa, mwanangu."

Nimemwambia naenda Piyaya kikazi. Kufanya nini? Kuangalia ndama. Akaguna. "Umesoma kompyuta miaka yote ile ukaangalie ndama? Si ungebaki hapa na wa baba yako?"

Nimecheka mpaka nimelia kidogo.

Jumanne, 13 Mei

Piyaya. Naandika nikiwa nimekaa kwenye debe.

Tumepita ukingo wa kreta kwenye ukungu, dereva kichwa nje ya dirisha. Mtungi tumeufunga kwa kamba katikati yangu na Lekishon, kama mgonjwa. Kila gari lilipoyumba niliukumbatia. Tulivyoteremka upande wa pili jua likatokea, nyasi mpaka mwisho wa macho, na baridi ikabaki juu.

Tumefika mchana. Wazee wamenisalimu, "Takwenya." Nimejibu "Iko," kama Lekishon alivyonifundisha njiani, wakafurahi kuliko nilivyostahili.

Maboma ni kimya. Ng'ombe wapo mbali, nimewaona wachache, nimesoma masikio yao kwa hamu. Kubwa. Kubwa. Kubwa. Ndama hakuna. Zizi la ndama lipo, olale wanaliita, nimechungulia. Tupu. Hata kinyesi kimekauka.

Nimemuuliza Lekishon. Anasema kupe wamezidi kwenye nyasi ndefu za chini, kina mama wamewapandisha ndama mlimani. Watashuka kunyonya kesho asubuhi, kama kila siku.

Nimesema sawa. Sikuonja hata chai. Jina langu lipo pale chini na zizi ni tupu.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi. Baridi ya kuuma meno. Lekishon ameweka ndoo ya maji ya vuguvugu, amevaa glovu, amekaa karibu na mtungi. Mlimani sioni kitu. Mawingu yamekaa nusu ya mlima.

"Dada Karani. Niyeyushe?"

Nikamwambia tusubiri tuwaone kwanza. Akakataa. Dawa ikishayeyuka inachanganywa, halafu inahitaji kutulia kabla ya kuingia kwenye sindano. Ukingoja ndama wafike ndipo uanze, watakuwa wameshanyonya na kutawanyika, na kumkamata ndama aliyeshiba ni kazi ya siku mbili.

"Wewe ndiye umesaini," akasema. Hakuwa anatania. Ilikuwa heshima, nadhani. Alikuwa anangoja kweli.

Nikatazama mlima. Wingu tu. Nikafikiria 47r. Nikafikiria mkono wa huyu mtu kwenye simu, kwenye mvua, akihakikisha herufi inabaki ndogo kwa sababu ndama ni mdogo. Mtu anayejali hivyo hatumi uongo.

"Yeyusha. Yote."

Mirija ya dawa ikaingia kwenye maji. Basi. Hakuna kurudi.

Tukakaa. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi, kisha nikaacha.

Kwanza zilikuwa kengele. Ndogo, nyingi. Halafu wingu likaanza kutoa miguu. Kina mama mbele na fimbo, shanga zinalia, na nyuma yao ndama, wekundu, weupe, wa madoa, wanasukumana, wanalia njaa, na ng'ombe huku chini wakaanza kuwaitikia kwa pamoja. Sauti ile. Sitaiandika vizuri, niache.

Lekishon akanipigia kelele: "Fisi wa umeme amewatapika!"

Nimefanya kazi siku nzima. Mimi nashika sikio, nasoma hereni, Lekishon anachoma. Herufi zimeandikwa kwa kalamu nyeusi, kwa mkono wa uangalifu. Nimemshika 47r kwa mkono wangu. Sikio lake lina joto, linapepea. Ana baka jeupe, kama alivyosema mlangoni. Nilimwambia, wewe ni 114. Akanikojolea kiatu.

Kuelekea mwisho, mama mmoja mtu mzima, wote wanamwita Yeyo, yaani mama, amemleta ndama mwembamba akiwa amembeba. 12d. Nilimjua. Ni mmoja wa wale niliowaweka kando, ndogo isiyo na kubwa yake. Halikuwa kosa la kidole. 12D alikufa kwa ndigana kabla Lekishon hajatuma jumbe zake, na Yeyo anamnywesha huyu maziwa ya mbuzi kwa kibuyu.

Lekishon akauliza, mashine inasema huyu ni wa nani?

"Wa Yeyo," nikasema. "Mchome."

Dawa imetosha. Naona fahari. Sijui pa kuiweka. Nimeikalia tu hapa kwenye debe, najisikia mrefu.

Ijumaa, 16 Mei

Karatu. Mvua nyepesi. Mama Shirima ameniangalia usoni, akasema pua imeungua na jua, nipake mafuta. Kisha akaniuliza habari za ndama, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Amempigia Lekishon. Sikusikia alichosema, aliongea polepole.

Godwin ameandika. Ameuingiza mstari wangu kwenye programu ya ofisi, na ndogo zisizo na kubwa hazitupwi tena, zinasubiri mtu aulize. Anasema mwanzoni mwa programu huandikwa nani wa kuulizwa mambo yakienda vibaya. Hapo palikuwa na jina lake. Amelifuta, ameacha nafasi, anasema nijaze mwenyewe.

Nimekaa na ile nafasi tangu asubuhi. Sasa nimejaza. Nanakili hapa ili nisije nikakana:

Wa kuulizwa ni Theodora Amsi, karani. Nipo ofisi ya chama, barabara ya Mang'ola, nyumba ya pili baada ya mizani ya vitunguu. Gonga dirishani, ndipo ninapokaa. Ukinikosa nipo Piyaya, na huko mtandao haushiki. Mpe ujumbe dereva wa lori lolote linalopanda. Usihangaike na jina langu, huko hawalitumii. Mwambie ni wa karani wa herufi ndogo. Utafika.